Saa za Kungoja Kilwa: Mwongozo kwa Rubani

Rubani anayeshusha watalii Kilwa Masoko saa tatu asubuhi, na anayetakiwa kuwarudisha Dar es Salaam saa kumi jioni, ana saa saba za kungoja. Muda atakaokuwa hewani siku hiyo, kwenda na kurudi, haufiki nusu ya hizo. Ndivyo ilivyo pia kwa anayepeleka mafundi wa gesi Songo Songo, au anayelaza ndege Kikwetu, Lindi, akisubiri abiria wa kesho. Shule ya urubani imemfundisha kuruka, kutua, kusoma mawingu na kupiga hesabu ya mafuta. Namna ya kungoja huachiwa ajifunze mwenyewe, na wengi huishia kuketi chini ya bawa la ndege na simu mkononi hadi abiria warudi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayengoja, na unasimamia hoja moja: saa za kungoja ni sehemu ya safari ya kurudi. Zipange kabla hujaondoka, kama unavyopanga mafuta, kwa sababu abiria wa jioni watabebwa na rubani yule yule aliyetengenezwa na mchana huo.

Pwani hii ina ushahidi wa zamani kwamba kungoja kunaweza kuwa kazi yenye mpango. Vyombo kutoka Arabuni na India vilishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na havikuweza kurudi hadi kusi ianze kuvuma. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa umbali ambao jahazi liliweza kufika na kurudi kwa msimu mmoja. Dhahabu ilipatikana kusini zaidi, Sofala, na nahodha wa mbali aliyeifuata huko alijiweka katika hatari ya kuukosa upepo wa kurudi. Kwa hiyo watu wa Kilwa waliishika njia ya Sofala wenyewe, bidhaa zikawekwa Kilwa, na mgeni akazikuta akingojea kusi. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepatikana hadi Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka pwani. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu ukarimu wa sultani huyo, kisha akasafiri kuelekea Dhofar, Arabuni. Katika miezi ya kusubiri, mabaharia walikalafati nyufa, walipaka deheni, walishona matanga, waliuza na kununua. Aliyeuacha msimu upite bila kushughulikia chombo chake aliingia bahari kuu na chombo kibovu. Wewe unangoja saa saba badala ya miezi, lakini kanuni haijabadilika: ubora wa safari ya kurudi huamuliwa wakati chombo kimetulia.

Sababu ya kwanza ya kuzipanga saa hizo ni usingizi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekuwa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Rubani aliyeamka saa kumi alfajiri ili awahi uwanjani huifikia hali hiyo saa tatu usiku, na kushuka kwa uwezo wake huanza kabla ya hapo, hasa kati ya saa saba na saa kumi mchana, wakati mwili wa binadamu hulegea hata kama hujala chakula kizito. Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua Guantanamo, Kuba. Wahudumu wake watatu walikuwa wamemaliza zamu ya usiku wakaongezewa safari. Walikuwa hawajalala kwa muda wa saa 19 hadi 23 na nusu. Wachunguzi wa Marekani walitaja uchovu kuwa miongoni mwa visababishi vya ajali hiyo, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika ripoti za wakati ule. Wote watatu walipona, na baadaye nahodha alieleza kwamba alihisi uvivu na kutojali wakati ndege ilipokuwa ikienda kombo.

Utajibu kwamba wewe hujisikii kuchoka. Hilo ndilo pingamizi la kawaida zaidi, na ndilo lililokwisha kupimwa. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania liliwalaza watu saa sita tu kila usiku kwa siku 14. Umakini wao ulishuka hadi kufanana na wa watu waliokesha usiku mmoja au miwili mfululizo, lakini wenyewe walipoulizwa walisema wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo hisia yako haitoshi kuwa kipimo, kwa sababu chombo kinachopima ndicho kilichoharibika. Waswahili husema usiku wa deni haukawii kucha, na deni la usingizi hudaiwa kwa namna hiyo hiyo: hukujia wakati wa kushuka kuelekea uwanjani, jua likiwa machoni, upepo ukikata njia, na abiria wakizungumza nyuma yako. Tumia hesabu badala ya hisia. Andika uliamka saa ngapi, ulilala saa ngapi usiku uliopita, na utazima injini saa ngapi leo. Ukiona kwamba utatua baada ya kuwa macho kwa saa 14 au zaidi, au kwamba jana ulilala chini ya saa sita, basi kulala mchana huo ni wajibu wa kikazi.

Pingamizi la pili husema mambo haya ni ya marubani wa ndege kubwa zinazovuka bahari usiku, wala hayamhusu mtu wa Cessna Caravan anayeruka kwa saa moja. Ukweli uko upande mwingine. Rubani wa ndege kubwa ana mwenzake wa kumsahihisha, kiti cha kupumzikia na idara inayomfanyia hesabu za hali ya hewa. Wewe mara nyingi uko peke yako, unapakia mizigo mwenyewe, unaruka chini kwenye joto na misukosuko ya hewa, na unatua mara nne au tano kwa siku. Makosa mengi ya urubani hutokea wakati wa kuruka na kutua, na wewe unavifanya vyote viwili mara nyingi kuliko yeye.

Kungoja kwa siku moja

Anza hesabu kutoka mwisho. Chukua saa ya kuruka jioni, rudi nyuma saa moja na nusu kwa ajili ya ukaguzi wa ndege, hali ya hewa na kupakia abiria. Kabla ya hapo tenga nusu saa ya kuamka vizuri. Kabla ya hapo weka usingizi. Muda unaobaki asubuhi ndio wa matembezi. Kwa mfano wetu wa saa kumi jioni, usingizi unaangukia saa saba mchana, na kila unachotaka kukiona Kilwa kionwe kabla ya saa sita. Mpangilio huu unaendana na mwili na unaendana na mji: asubuhi kuna hewa, mchana kuna joto, na jioni kuna kazi.

Kabla ya kuondoka uwanjani, ishughulikie ndege. Ifunge kamba hata kama upepo umetulia, kwa kuwa upepo wa bahari huinuka mchana. Vika vifuniko kwenye mirija ya kupimia mwendo. Kazi hii ya sekunde chache ndiyo inayodharauliwa zaidi na watu wanaosubiri, na historia yake ni nzito. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 wakafa. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini kwa takriban wiki tatu, mirija yake ikiwa imeachwa kwa muda bila vifuniko, na wachunguzi waliona kuwa huenda nyigu wa udongo walijenga ndani ya mmoja wao. Nyigu wa aina hiyo wapo pwani yetu pia. Tazama chini ya paa la nyumba yoyote ya Masoko utaona vijumba vyao vya udongo. Utakaporudi, ondoa vifuniko kwa mkono wako mwenyewe, angalia tundu kwa tochi, toa mafuta kidogo kwenye kila tangi uone kama kuna maji, kisha tembea njia ya kurukia mwanzo hadi mwisho. Mbuzi, jiwe lililotolewa na mvua, watoto wanaokatiza kwenda nyumbani: vyote huonekana vizuri zaidi kwa miguu kuliko kwa mwendo wa kuruka.

Kuhusu usingizi wenyewe, usilale ndani ya ndege. Iliyoegeshwa juani huwa tanuri, na kivuli cha bawa hakizuii joto linalotoka chini. Omba chumba chenye feni katika nyumba ya wageni kwa nusu siku. Lala dakika 20 hadi 30, au kama una nafasi, saa moja na nusu kamili. Ukiamka katikati utakuwa mzito zaidi kuliko ulipolala. Shirika la NASA, katika utafiti uliotolewa mwaka 1994, liliwapa marubani wa safari za Bahari ya Pasifiki dakika 40 za kupumzika kwa zamu. Walilala kwa wastani dakika 26 tu, na umakini wao mwishoni mwa safari ulikuwa bora waziwazi kuliko wa wenzao wasiolala. Kahawa chungu ya barazani ina nafasi yake pia. Ikinywewa kabla tu ya kulala kidogo, nguvu yake huanza kuingia ukiwa unaamka. Ikinywewa alasiri na mtu anayetakiwa kulala mapema usiku, humwibia usingizi wa usiku huo.

Chakula nacho kina hesabu yake. Katika mashirika makubwa nahodha na msaidizi wake hula vyakula tofauti, ili kimoja kikiharibika abaki mmoja mwenye afya. Wewe huna msaidizi, kwa hiyo chagua kama mtu asiye na mbadala: wali na samaki aliyetoka jikoni wakati huo huo akiwa moto, badala ya kachumbari iliyokaa tangu asubuhi au juisi ambayo hujui maji yake. Dafu ni salama, kwa sababu hufunguliwa mbele yako, na joto la Kilwa hukausha mwili kabla hujahisi kiu. Ukishikwa na mafua, usikimbilie vidonge vya duka la dawa bila kuuliza. Chlorpheniramine, dawa ya mafua na mzio inayouzwa kwa urahisi kote Tanzania, huleta usingizi na kupunguza umakini kwa saa nyingi, na mamlaka za anga kama ile ya Marekani humkataza rubani kuruka akiwa ameinywa. Mtu mwenye mafua makali hapaswi kuruka kwa vyovyote, kwa sababu masikio yake hayatasawazisha presha wakati wa kushuka.

Pa kwenda asubuhi

Wapo watakaosema kwamba kama pumziko ni muhimu hivyo, rubani alale tu na aachane na magofu. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Usingizi mrefu wa mchana huharibu wa usiku, na mtu aliyekaa saa saba mahali pamoja akitazama simu hachoki kidogo kuliko aliyetembea. Huchoka kwa namna nyingine, akili ikiwa imelala na macho yako wazi. Kutembea polepole kwenye mwanga wa asubuhi huupa mwili taarifa ya saa, na akili iliyokutana na kitu kipya hurudi kazini ikiwa hai. Kilwa inakupa hayo kwa umbali mdogo kuliko miji mingi.

Kilwa Kisiwani iko ng'ambo ya mkondo wa kilomita mbili hivi kutoka Masoko. Kibali hupatikana mjini kabla ya kuvuka, na unaenda na kiongozi. Mji huu, pamoja na Songo Mnara, uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, ukawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 kwa sababu ya kuporomoka, na ukaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya uhifadhi. Kwa asubuhi moja chagua sehemu mbili tu. Ya kwanza ni Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba. Simama chini ya kuba moja utazame juu: utaona mawe ya matumbawe yaliyopangwa duara kwa duara, chokaa ikiwa bado imeshika baada ya karne nyingi za kusi na chumvi. Ya pili ni Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali linalotazama bahari, lenye birika la pembe nane na ua mkubwa wenye vyumba vinavyodhaniwa kuwa vya biashara. Hapo ndipo rubani ataelewa haraka kuliko mtalii kwamba eneo hilo lilichaguliwa na mtu aliyehitaji kuona chombo kikiingia, na kwamba biashara yote iliyolilisha ilitegemea watu waliolazimika kungoja upepo. Ngome iitwayo Gereza, unayoiona ufukweni unaposhuka, imesimama mahali ambapo Wareno walijenga ngome mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512.

Uliza habari za maji kabla ya kuvuka. Wakati wa bamvua bahari ya hapa hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na mashua iliyokuleta ikiwa inaelea inaweza kukutwa imepwelewa, ikingoja maji yajae. Hili linawahusu abiria wako zaidi yako. Chanzo kimoja kikubwa cha ajali za ndege ndogo ni hamu ya kufika nyumbani: wageni wamechelewa, jua linashuka, uwanja hauna taa, na rubani anajishawishi kwamba atawahi. Dawa yake hutolewa asubuhi. Kabla wageni hawajapanda mashua, waambie saa ya mwisho ya kuruka, waeleze kwamba ikipita mtalala Kilwa, na mwambie hivyo hivyo nahodha wa mashua. Saa iliyotangazwa mbele ya watu kukiwa kweupe ni rahisi kuisimamia kuliko uamuzi wa jioni mbele ya mtu mwenye pesa anayewahi ndege ya Ulaya.

Kungoja kwa usiku na kwa siku kadhaa

Ukilala, usiku ni wa kulala. Chandarua kwanza: pwani ya Lindi ina malaria mwaka mzima, na mbu wanaoieneza huuma zaidi usiku. Malaria haikuangushi kesho yake. Hujitokeza baada ya wiki moja au zaidi, pengine ukiwa angani mkoa mwingine, hivyo homa yoyote ndani ya mwezi baada ya Kilwa ipimwe. Kama kampuni inakupa dawa za kinga, muulize daktari wa anga, kwa sababu mefloquine haikubaliki kwa marubani kutokana na athari zake kwenye akili. Kuhusu pombe, sheria ya Marekani inataka saa nane kati ya glasi ya mwisho na kuruka, na kanuni za kampuni nyingi ni kali kuliko hiyo. Hata ndani ya sheria, pombe huvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na kwa anayeruka alfajiri hiyo ndiyo nusu aliyokuwa akiihitaji.

Kungoja kwa siku mbili au tatu kunafungua pwani yote. Songo Mnara inataka siku nzima. Kilwa Kivinje, kaskazini ya Masoko kwa barabara, ina majengo ya wakati wa Wajerumani na kumbukumbu ya Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa mwaka 1895 kwa kupinga utawala wao. Anayengoja Lindi anaweza kusoma habari za Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin. Kwa anayependa kuzamia na mtungi, weka saa 24 kamili kati ya kutoka majini na kuruka, kwa kuwa naitrojeni iliyobaki mwilini hutoa mapovu presha ya hewa inapopungua. Kama huna saa hizo, ogelea juu ya maji. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila asubuhi na jioni, hasa wakati wa masika. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilileta mvua zilizokata barabara eneo la Somanga, na watu waliokuwa wakitegemea gari kama njia ya pili ya kurudi Dar es Salaam waliikosa.

Limebaki pingamizi la wenye kampuni, nalo ni la haki kusikilizwa: chumba, chakula na usiku wa ziada vinagharimu, na rubani analipwa kuruka. Lakini kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaitaka kila nchi iweke mipaka ya saa za kazi na za kupumzika, na rubani anayengoja uwanjani kati ya safari mbili yuko kazini; saa zake zinahesabika, apumzike asipumzike. Kampuni basi inazilipia saa hizo tayari. Kinachobaki ni kuamua kama inanunua rubani aliyelala kitandani au aliyesinzia kwenye kiti. Gharama ya chumba cha nusu siku Masoko ni ndogo kuliko tairi moja lililopasuka kwa kutua vibaya. Kwa hiyo omba kwa maandishi: chumba chenye feni, saa ya mwisho ya kuruka itajwe kwenye tiketi za wageni, na ruhusa ya kulala Kilwa bila kuulizwa ikiwa saa hiyo imepita. Ukipewa, vitumie. Usipopewa, tumia mamlaka ambayo sheria inampa nahodha wa ndege, ya kukataa kuruka akiwa hafai, na uyatumie mapema, kabla jua halijaanza kukuharakisha.